SAUTI YA MGENI SEBULENI KWETU

Ndugu msomaji, ukipanda basi Moshi asubuhi, ukapita Himo na kuukwea mlima hadi Marangu, kisha ukaifuata barabara ya lami inayouzunguka Kilimanjaro kwa upande wa mashariki, utapita Mkuu, utapita Useri, na hatimaye utafika Tarakea. Hapo ndipo nchi yetu inapokwisha. Mbele yako kuna Illasit, upande wa Kenya, na mbele zaidi Loitokitok. Nyuma yako umesimama Mawenzi kwa meno yake, na Kibo amejificha nyuma ya Mawenzi. Simu yako ya mkononi, kama ilivyo desturi ya simu za mipakani, huenda ikakukaribisha Kenya hali wewe bado unakunywa mtori ndani ya Wilaya ya Rombo.

Mwandishi wa makala haya alikuwa huko kwa shughuli nyingine kabisa, ya mahindi na maharage yavukayo mpaka. Jioni mvua ikamkimbiza ndani ya hoteli moja ndogo karibu na stendi. Juu ya kabati la maandazi palikuwa na televisheni, na chini yake watu wapatao kumi: madereva wa bodaboda, wapagazi, na akina mama wawili waliokuwa wakisubiri gari la kurudi kwao. Wote walikuwa wamenyamaza kimya wakitazama mchezo wa Kichina. Binti wa Kichina alikuwa akimlalamikia mumewe juu ya mama mkwe, na alikuwa akilalamika kwa Kiswahili fasaha, pengine fasaha kuliko cha mwandishi. Mama mwenye hoteli, kijiko mkononi, akawa anamjibu: "Mwambie! Usimwogope!"

Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililomshangaza mwandishi. Mtu akibisha hodi nyumbani kwako usiku utamwuliza ametoka wapi, ni mtoto wa nani, na amefuata nini. Huyu anayeingia kila jioni kwa njia ya kioo, akakaa na watoto wako hadi saa nne, tumemwuliza nini?

MAWIMBI HAYANA PASIPOTI

Wazee wa Tarakea hawakuanza leo kutembelewa na sauti za mbali. Katika miaka ile ambayo mpaka wetu na Kenya ulifungwa, tangu Februari 1977 hadi Novemba 1983, mtu aliyekuwa na shangazi ng'ambo ya pili alilazimika kupita vichochoroni ili kwenda kumzika. Lakini Sauti ya Kenya ilivuka saa yoyote bila kusimamishwa na askari, nayo Redio Tanzania Dar es Salaam ikavuka kwenda upande wa pili. Redio ya betri ilikuwa imeshinda kizuizi cha barabarani kabla serikali hazijakaa mezani kupatana.

Na katika redio hiyo hiyo, ukizungusha kitufe taratibu kwenye masafa mafupi, dunia nzima ilikuwa ikikusemesha kwa lugha yako. Cairo ndiyo iliyotangulia kati ya dola zilizotaka kutuvuta. Mwaka 1954 serikali ya Misri ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwashambulia wakoloni wa Kiingereza kwa maneno makali yaliyowafurahisha wasikilizaji wa Mombasa na Unguja. Juni 1957 BBC nayo ikaanza Kiswahili kutoka London. Moscow ikafuata. Tarehe 1 Septemba 1961, miezi mitatu na siku chache kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa, Radio Peking ikafungua idhaa yake ya Kiswahili. Sauti ya Amerika ilikuja mwaka 1962, na Wajerumani wa Magharibi mwaka 1963.

Itazame orodha hiyo kwa makini, msomaji. Hawa wote hawakupatwa kwa ghafla na mapenzi ya lugha yetu. Nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zinakaribia kujitawala, na kila mmoja alitaka awe amekwisha kuketi sebuleni siku ile mwenye nyumba atakapopata funguo zake.

Peking, ambayo leo tunaiita Beijing, ina habari yake ya pekee. China ya mwaka 1961 haikuwa tajiri. Ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika njaa kubwa ya mwaka 1959 hadi 1961, njaa iliyoua mamilioni ya wakulima. Msikilizaji wa Rombo hakuambiwa habari hiyo na Radio Peking. Alielezwa ushindi wa wakulima na viwanda vipya, na alisikia wimbo wa "Mashariki ni Nyekundu". Kama aliandika barua, alijibiwa! Hilo wasikilizaji wa zamani hawajalisahau. Ulipeleka karatasi moja yenye salamu, ukaletewa kalenda ya rangi, picha ndogo za karatasi zilizokatwa kwa mkasi, na pengine kitabu. Nyumba nyingi za udongo katika nchi hii zilipambwa kwa kalenda kutoka Peking katika siku ambazo hakuna duka la wilayani lililouza kalenda.

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Nyuma ya sauti ile palikuwa na kazi iliyoonekana kwa macho. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, na Chou En-lai akaja kwetu Juni mwaka huo huo. Mwaka 1967 ukatiwa sahihi mkataba wa reli ya kwenda Zambia, reli ambayo mataifa ya Magharibi yalisema haina faida, nayo ikakabidhiwa Julai 1976, imejengwa kwa mkopo usio na riba. Wafanyakazi wa Kichina walilala katika mahema pamoja na vijana wetu, na wengine wamezikwa katika ardhi yetu. Redio yenye reli nyuma yake husadikiwa kuliko redio yenye maneno matupu.

Wala sisi wenyewe hatukuwa watakatifu wa kukaa kimya. Redio Tanzania ilitangaza nje ya mipaka, na wapigania uhuru wa kusini walipewa nafasi ya kusema na watu wao kutoka Dar es Salaam. Tulijua vizuri kwamba sauti inaweza kufika mahali ambapo bunduki bado haijafika.

KUTOKA KITUFE HADI KING'AMUZI

Kilichobadilika ni ukubwa wa mgeni na ukubwa wa chombo chake. China ya leo ni dola ya pili kwa uchumi duniani, na haingoji tena umtafute kwenye masafa mafupi huku upepo ukivuma na betri zikiisha. Mwaka 2006 Radio China Kimataifa ilifungua Nairobi kituo chake cha kwanza cha FM nje ya China. Januari 2012 televisheni ya serikali ya China ikafungua makao yake ya Afrika katika jiji hilo hilo, yenye watangazaji Waafrika na kamera mpya. Kituo hicho ndicho kilichoitwa CGTN Africa tangu mwisho wa mwaka 2016. Gazeti la China Daily nalo lilianza toleo lake la Afrika Desemba 2012. Shirika la habari la Xinhua linapeleka habari na picha katika vyumba vya habari vya bara zima, na mhariri mwenye kurasa za kujaza na fedha kidogo anajua vizuri uzito wa habari isiyodaiwa bei kubwa.

Kwetu Tanzania, hata hivyo, mlango mkubwa ulikuwa mwingine. Ulikuwa ni kile kisanduku kidogo chini ya televisheni.

Serikali ilipoamua kuuaga utangazaji wa analojia, shirika letu la TBC liliungana na kampuni ya StarTimes ya Beijing kuunda Star Media Tanzania, Wachina wakiwa na asilimia 65 ya hisa na TBC asilimia 35. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ilizimwa Dar es Salaam, na katika mwaka 2013 zamu ikafika mikoani, Arusha na Moshi zikiwamo. Kwa mwananchi wa kawaida maana yake ilikuwa moja tu: nunua king'amuzi, au televisheni yako iwe meza ya kuwekea vitambaa. Ving'amuzi vya bei nafuu vilipatikana, na bei nafuu haina itikadi.

Hapa haifai kupita haraka, kwa sababu wengi wetu tunadhani ushawishi wa dola ya kigeni hupitia katika taarifa ya habari. Hebu tazama walivyotumia akili zaidi ya hapo. Mwaka 2011, kabla mitambo haijazimwa, TBC ilionyesha mchezo mrefu wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, juu ya muuguzi aitwaye Doudou aliyeolewa na kijana ambaye wazazi wake waliachana, hata akajikuta ana mama wakwe wawili, mama mzazi wa mumewe na mama wa kambo. Ni nyumba ngapi kati ya Rombo na Kariakoo zisizoijua shida hiyo? Mke mpya apike vipi, nani ashike fedha, mgeni wa ukweni akae siku ngapi, mtoto akizaliwa alelewe na nani. Mchezo ule haukuwa na tanki wala bendera. Ulikuwa na sufuria, machozi na upatanisho, na watu wakaupenda kwa dhati.

Na Machi 2013, Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam katika ziara yake ya kwanza ya Afrika akiwa Rais, alisimama katika ukumbi mpya wa mikutano wenye jina la Mwalimu, uliojengwa kwa msaada wa nchi yake, na katika hotuba yake akautaja mchezo huo wa Doudou kwamba umewaonyesha Watanzania maisha ya kawaida ya familia za Kichina. Kiongozi wa taifa la watu zaidi ya bilioni moja, mwenye habari za kuzungumza juu ya biashara na madini, hakupoteza dakika zake kwa bahati mbaya. Alikuwa anahesabu mavuno.

Agosti mwaka huo huo aliwaagiza watendaji wa propaganda nchini mwake waisimulie vema habari ya China kwa ulimwengu. Februari 2016 alizitembelea ofisi za vyombo vikubwa vya habari vya Beijing na kuvikumbusha kwamba ni vyombo vya chama, na kwamba jina lao la ukoo ni Chama. (Sisi tunaoandika katika gazeti la Chama tunaielewa lugha hiyo bila mkalimani, na tungekuwa wanafiki kumnyoshea jirani kidole kana kwamba hatujawahi kuisikia.)

Baada ya Doudou kazi iliongezwa. Desemba 2015, katika mkutano wa China na Afrika mjini Johannesburg, Xi alitangaza mpango wa kufikisha televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, kazi iliyotekelezwa na StarTimes. Vijiji vya Tanzania vilikuwamo. Vifaa viliwekwa mahali pa umma kama shule na zahanati, na baadhi ya kaya zikapewa dishi na king'amuzi. Mwaka 2016 liliendeshwa shindano Dar es Salaam la kutafuta vijana wenye sauti nzuri za Kiswahili, na washindi wakaenda Beijing kufanya kazi ya kuzitia sauti filamu. Huyu binti wa hotelini Tarakea, msomaji, huenda kinywa ni cha Kichina, lakini koo ni la Temeke au Kinondoni, na linalipwa mshahara.

KISICHOSEMWA

Je, kuna ubaya gani? Wafilipino na Wameksiko wametuliza miaka mingi kwa michezo yao, na hakuna aliyeiogopa Manila. Waturuki nao wamo, na tangu Machi 2023 shirika lao la serikali lina idhaa ya TRT Afrika yenye Kiswahili. Tofauti ni kwamba michezo ya Manila iliuzwa na wafanyabiashara waliotaka faida. Wa Beijing umefungwa pamoja na taarifa ya habari, king'amuzi, mkopo na daraja, na vyote vina mwenye mali mmoja.

Nao uzito wa mwenye mali huonekana zaidi katika kisichosemwa. Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Waafrika waishio mji wa Guangzhou kusini mwa China walifukuzwa katika nyumba za kupanga na mahoteli, wakalala barabarani na mabegi yao. Picha zilifika katika simu zetu siku hiyo hiyo, nao mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko kwa serikali. Vyombo vya serikali ya China vilisisitiza kwamba wageni wote hutendewa sawa, na kwamba yaliyotokea ni kutoelewana kulikokuzwa na watu wa Magharibi. Mtu aliyetegemea chombo hicho peke yake angelala akiamini kwamba ndugu zake walikuwa salama. Ni mtindo ule ule wa mwaka 1961. Haikuhitajika kusema uongo mkubwa, ilitosha kuchagua.

Haina maana kwamba London na Washington hazichagui. Kwa miaka mingi Afrika ya vyombo vya Magharibi ilikuwa ni nzi juu ya uso wa mtoto mwenye njaa, na Wachina walipokuja na vipindi vya viwanda, mabarabara na vijana wenye biashara zao, wengi wetu tulipumua. Kasumba ni kasumba hata ikisemwa kwa lafudhi ya Oxford. Lakini wa Magharibi sasa wanafunga milango yao wenyewe. Machi 2025 serikali ya Marekani iliwapeleka likizo ya lazima wafanyakazi wa Sauti ya Amerika, na idhaa ya Kiswahili iliyodumu zaidi ya miaka 60 ikanyamaza. Kiti kilichoachwa wazi sebuleni hakikai wazi muda mrefu.

MWENYE NJIA

Hata hivyo mwandishi anakiri jambo moja aliloliona kwa macho yake pale hotelini. Mchezo ulipokwisha ikaingia taarifa ya habari kutoka Beijing, na papo hapo kijana wa bodaboda akasema, "Mama, weka mpira." Hakuna aliyebishana naye. Kwa hakika, wengi waliojiunga na StarTimes walifuata mpira. Kampuni hiyo ilipata Ligi ya Ujerumani, na mwaka 2018 ikaonyesha Kombe la Dunia. Anayedhani watu wa Tarakea wanageuzwa mawazo na hotuba za Beijing hajawahi kuketi nao.

Lakini ndiyo maana hofu yetu haipaswi kuelekezwa katika kipindi, bali katika njia. Mwenye kipindi anabembeleza akubaliwe. Mwenye njia hana haja ya kubembeleza. Yeye ndiye anayepanga ni chaneli gani iwe katika kifurushi cha bei ya chini na ipi iwe juu, mahali asipofika mlalahoi. Wewe mwenyewe, leo jioni, chukua rimoti uhesabu: ni chaneli ngapi za nje unazipata kwa bei ya chini kabisa, na ni za nani? Tulionjeshwa jambo hili mwaka 2018, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoamua kwamba chaneli za ndani za bure zisionyeshwe katika ving'amuzi vya baadhi ya kampuni za setilaiti kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Nyumba nyingi zikajikuta hazina taarifa ya habari ya nchi yao wenyewe hadi zinunue kisanduku cha pili. Sheria ilikuwa sheria, lakini somo lilikuwa pale pale: aliyeshika bomba ndiye anayeamua maji ya nani yapite.

Na katika bomba hili sisi tuna asilimia zetu 35. Katika awamu ya tano serikali ilihoji hadharani kwa nini, tangu ubia uanze, TBC haijaona gawio. Lilikuwa swali halali, na kwa maoni ya mwandishi lilikuwa dogo. Shirika la umma halikuingia katika ubia ule ili liwe mwenye duka. Swali kubwa zaidi lilikuwa: katika kupanga chaneli, bei, na filamu zitakazotiwa sauti za vijana wetu, asilimia 35 husema nini, na husikilizwa? Hilo halikuulizwa kwa sauti kubwa.

Uhusiano wa Chama chetu na wenzetu wa China ni wa zamani, na unazidi kukua. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kibaha, iliyofunguliwa Februari 2022, imejengwa kwa msaada wao kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi kusini mwa Afrika. Waandishi wa Afrika, tangu mwaka 2014, wamekuwa wakialikwa kukaa Beijing miezi kumi kujifunza na kuandika. Mwandishi wa makala haya hajaalikwa, na akialikwa huenda akaenda. Rafiki wa kweli huulizwa maswali bila kuudhika, na Mwalimu, aliyeikubali reli yao, alikataa waziwazi nchi rafiki ituchagulie maadui.

Turudi Tarakea. Siku ile habari kubwa ya mji ilikuwa ni bei ya maharage upande wa Illasit, ambayo ilikuwa imeshuka, na habari ya tembo waliotoka upande wa Kenya na kuingia mashambani. Akina mama wale wawili walizungumza juu ya hayo mawili tangu walipoingia hadi gari lao lilipopiga honi. Hakuna chaneli yoyote katika kisanduku kile, ya Beijing, ya London wala ya kwetu, iliyoyataja. Walikuwa wameyapata kwa simu ya dereva wa lori.

Mvua ilipopungua mpira ulikuwa umefika kipindi cha pili. Katikati ya kioo likatokea tangazo jeupe, likaufunika uwanja wote, likimkumbusha mteja kwamba kifurushi chake kinakwisha usiku huo. Mama mwenye hoteli akafungua droo ya fedha, akahesabu noti za Tanzania na za Kenya zilizochanganyika, kisha akaniuliza kama nina salio kwenye simu nimsaidie kulipia.